Rigi iliyolala miaka minne: kurudisha makazi, maji na umeme tuanzie wapi?

msimamizi_sitaha

Wakuu, salaam. Nahitaji mawazo ya mafundi walioshika kazi za namna hii.

Rigi (jukwaa la kuchimbia baharini) ni jakapu ya miguu mitatu, yaani inajinyanyua juu ya maji kwa miguu yake; makazi ya watu 110 kwenye ngazi nne. Imezimwa kabisa kwa miaka minne. Si kule kuzimwa nusunusu ambako jenereta moja inaendelea kunguruma na walinzi wanakaa ndani. Kilichobaki hai ni taa za tahadhari za sola tu. Imesimama juu ya miguu yake karibu na pwani, kina cha maji mita 12, bodi iko mita 8 juu ya maji. Umeme ni volti 600 upande wa uchimbaji, 480 kwa huduma, 208/120 kwenye makazi, hezi 60.

Tuliyoyakuta hadi sasa:

- Mega (kipima insulesheni ya nyaya) kwenye paneli ya taa ya ngazi ya pili inasoma megaohmu 0.3. Ya ngazi ya tatu 0.4.
- Matangi mawili ya maji ya kunywa, kila moja mita za ujazo 60. Moja lina maji ya kahawia kama sentimita 30, la pili halijafunguliwa.
- Mashine ya kuondoa chumvi imeachwa na membreni (ngozi za kuchujia chumvi) ndani, na hakuna kumbukumbu kama ilitiwa dawa ya kuhifadhi.
- Vyoo ni vya vakyumu (vinavyonyonya uchafu kwa hewa). Vyumbani kuna harufu nzito, hasa ngazi ya chini.
- Kuvu jeusi kwenye dari za ngazi ya pili na ya tatu. Geji za kiyoyozi kikuu ziko sifuri. Ndege wamejenga kwenye midomo ya kuvutia hewa.

Ofisi inataka watu 24 walale ndani kufikia wiki ya tatu ili ukarabati mkubwa uendelee, kwa sababu boti ya kuwapeleka na kuwarudisha kila siku inakula bajeti. Tuanze na nini? Na hiyo wiki ya tatu inawezekana?

fundi_swichi

Mkuu, nianze na hiyo 0.3 kwa sababu inakutisha kuliko inavyostahili. Ulipima paneli nzima breka zote zikiwa zimewashwa? Insulesheni za saketi nyingi zikipimwa pamoja zinasomeka kama vipinzani vilivyo sambamba. Saketi 20 zenye megaohmu 6 kila moja zitakupa 0.3 kamili, na hakuna hata moja kati yao iliyo mbovu. Zima breka zote, pima saketi mojamoja, andika. Utakuta 15 au 16 ni nzima na nne au tano ndizo zinazoshusha namba. Mara nyingi wakosaji ni taa za nje, masanduku ya maungio yaliyo kwenye kuta zinazopigwa na mvua, na vifaa vya jikoni.

Kabla ya kupima, chomoa kila chenye elektroniki: taa za LED, balasti, televisheni, kinga za radi, vidhibiti vya kiyoyozi. Ukiviacha, kwanza vinashusha usomaji, pili unaviua. Saketi za 208/120 pima kwa volti 250 DC, za 480 kwa volti 500. Chini ya megaohmu 1 usiwashe. Kati ya 1 na 5, washa lakini irudie baada ya siku tatu za hewa kavu. Ikipanda, tatizo lilikuwa unyevu, na ikibaki palepale fungua maungio.

Kebo ya aina inayotumika kwenye vyombo vya baharini hainyonyi maji katikati, inanyonya kwenye ncha. Kwa hiyo kabla hujaagiza kebo mpya, fungua ncha, kata sentimita chache zilizooza kama urefu unaruhusu, kausha kwa hewa ya vuguvugu, pima tena.

Elementi za majiko, oveni na hita za maji ni habari nyingine. Unga uliojazwa ndani yake unanyonya unyevu wa hewa, na baada ya miaka minne zote zitasoma karibu sifuri. Usizitupe. Elementi ya volti 208 ukiilisha 120 inatoa theluthi moja tu ya nguvu yake. Iache hivyo saa kadhaa, bodi ya kifaa ikiwa imefungwa vizuri kwenye chuma cha rigi na mtu akiangalia, na nyingi zitarudi. Hita ya maji usiipashe ikiwa tupu; elementi yake ichomoe, ikaushe kwenye oveni ya karakana.

Mota za feni na pampu: zigeuze shafti kwa mkono kwanza. Halafu mega, dakika 1 na dakika 10. Usomaji wa dakika 10 ukigawanywa kwa wa dakika 1 ukatoa 2 au zaidi, uko vizuri. Ukipata karibu na 1, kuna unyevu au uchafu. Kukausha, tumia hita ndogo iliyo ndani ya mota yenyewe au taa za joto, ukipandisha taratibu na bila kuzidi nyuzi 80 au 90. Kuharakisha kunatengeneza mvuke ndani ya waya, na mvuke unapasua vanishi.

Sasa chanzo cha umeme. Usifikirie jenereta kuu kwa sasa. Leta jenereta ya kukodi ya volti 480, hezi 60, uilishe swichibodi ya dharura, na kutoka hapo makazi. Makadirio ya watu 24: taa kW 12, feni za hewa 20, jiko 35, hita za maji 18, pampu 10, vikausha hewa 12, vyumba vya baridi 10. Jumla kama kW 117. Jenereta ya kVA 250 inabeba hiyo pamoja na mshtuko wa kuwasha mota. Usipeleke ya kVA 600 eti iwe na akiba. Dizeli inayofanya kazi chini ya asilimia 30 ya uwezo wake inajaza masizi na mafuta mabichi kwenye ekzosi.

Mambo matatu ambayo watu huyasahau kwenye kuunganisha:

Jenereta za kukodi nyingi zina nyutro iliyofungwa kwenye bodi yake. Mfumo wa rigi kwa kawaida hauna nyutro iliyofungwa kwenye chuma. Ukiunganisha bila kutoa kile kiungo, hitilafu ya kwanza ya kebo kugusa chuma inakuwa shoti kamili na breka inaruka, wakati mfumo wa rigi umejengwa ili hitilafu ya kwanza iwashe taa ya onyo tu na kazi iendelee. Soma michoro yenu kwanza, halafu toa kiungo kama mfumo ni huo.

Pili, mzunguko wa fezi. Upime kabla ya kufunga breka ya kwanza. Feni inayozunguka kinyume bado inasukuma hewa kidogo, na mtu atalaumu kichujio wiki nzima.

Tatu, kufuli. Breka ya jenereta ya dharura ya rigi na ile inayounganisha na swichibodi kuu zifungwe kwa kufuli la chuma na lebo, zisiweze kufungika pamoja na ya kukodi. Umeme ukirudi nyuma kupitia transfoma za 600, utampata mtu anayefanya kazi kwenye swichibodi aliyoambiwa imekufa.

Na jenereta ya kukodi si jenereta ya dharura. Watu wakilala ndani, ile ya rigi iwe inawaka yenyewe na kubeba mzigo ndani ya sekunde 45, ikiwa na mafuta ya saa 18. Miaka minne ya dizeli kwenye tangi la siku maana yake kuna maji na ute wa vijidudu chini. Toa mafuta yote, safisha tangi kwa mkono, badilisha vichujio, weka seti ya pili karibu kwa sababu ya kwanza itaziba. Betri za risasi na asidi usihangaike kuzifufua, nunua mpya.

maji_salama

Naunga mkono hapo juu. Ila ratiba yako mkuu haitaamuliwa na umeme, itaamuliwa na maji, hasa na maabara. Anza nayo siku ya kwanza.

Matangi kwanza. Lile ambalo halijafunguliwa ndilo la kuogopa. Chuma kikipata kutu ndani ya nafasi iliyofungwa kinakula oksijeni, na hakuna harufu ya kukuonya. Fungua milango yote miwili ya tangi, puliza hewa kwa feni angalau usiku mzima, halafu pima juu, katikati na chini: oksijeni asilimia 20.9, gesi ya kuwaka chini ya asilimia 1 ya kiwango cha chini cha kulipuka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi visionekane. Mtu mlangoni muda wote, vifaa vya uokoaji vimeshafungwa tayari, na kupima kunaendelea akiwa ndani.

Toa maji na matope, osha kwa presha, kisha kagua rangi. Hapo ndipo njia zinapoachana. Rangi ikiwa nzima na kutu ni madoa tu, unaendelea. Ikiwa imevimba na kubanduka, inabidi kupiga mchanga na kupaka upya rangi iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa, na nyingi zinataka kama siku 7 za kukauka kabla ya maji kuingia. Kuharakisha hapo kunatoa maji yenye ladha ya kiyeyushi miezi mingi. Ushauri wangu: kagua yote mawili, chagua lililo bora, rudisha hilo moja. Watu 24 kwa lita 250 kila mmoja kwa siku ni mita za ujazo 6. Tangi moja la 60 linawatosha siku 10.

Klorini. Jaza tangi, lenga miligramu 50 kwa lita. Mita za ujazo 60 zinahitaji klorini gramu 3,000. Kwa unga wa kalsiamu haipokloraiti wa asilimia 65 hiyo ni kilo 4.6. Kwa maji ya sodiamu haipokloraiti ya asilimia 12 ni kama kilo 25, lakini yale yaliyokaa ghalani yamepungua nguvu, kwa hiyo pima kabla ya kuamini lebo. Unga unautia ndani ya maji kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si maji juu ya unga, na usiuweke popote karibu na asidi ya kuondolea magadi.

Kabla ya kusukuma kwenye mabomba, tenga mashine ya kuondoa chumvi, taa ya UV, vichujio vya kaboni, mashine za barafu na za kahawa. Hita za maji ziwe zimezimwa lakini zimejaa. Kisha fungua bomba lililo karibu na tangi, ngoja klorini ifike kwa kipimo na si kwa pua, funga, nenda la pili, hadi bomba la mwisho la ngazi ya juu. Baridi na moto. Usisahau bafu la chumba cha wagonjwa, sinki za kufulia, na kituo cha kuosha macho kule sitahani. Ukishamaliza jaza tangi tena, ongeza klorini, acha saa 12. Mwisho wake pima. Ikishuka chini ya 30 mahali popote, kuna uchafu unaoila klorini, rudia. Kila bomba liwe na lebo ya kukataza kunywa.

Kumwaga: usiyaachie baharini yakiwa na 50. Yaondolee klorini kwa sodiamu thaiosalfeti hadi kipimo kisionyeshe kitu. Halafu suuza kwa maji mapya mpaka mabomba yatoe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Lejionela, bakteria wa ugonjwa wa mapafu, ndiyo inayonifanya niseme haya kwa urefu. Inazaliana kati ya nyuzi 20 na 45, ndani ya ute wa mabomba yaliyolala, na mtu haipati kwa kunywa. Anaivuta na ukungu wa bafu. Kwa hiyo hoja ya "watakunywa maji ya chupa" haisaidii, wataoga. Vichwa vya bafu vyote vibadilishwe, hozi zake pia. Tangi la maji moto lifunguliwe, tope la chini litolewe, lipashwe hadi nyuzi 60, na maji yafike nyuzi 50 bombani ndani ya dakika moja. Vipande vya bomba visivyoenda popote, kama pale palipotolewa mashine ya kufulia, vikatwe karibu kabisa na bomba kuu.

Majibu ya koliform na E. koli (bakteria wanaoonyesha uchafu kwenye maji) yanatoka ndani ya saa 24 hivi. Lejionela kwa njia ya kuotesha ni kama siku 10. Piga hesabu: usafi wa tangi siku 5, klorini na kusuuza siku 3, sampuli zipelekwe, siku 10. Hapo umefika siku ya 18 au 19 bila kikwazo hata kimoja. Ikibidi kupaka rangi, ongeza wiki moja na nusu.

Jambo la mwisho ambalo ni la rigi hasa. Tafuteni kila mahali ambapo maji ya kunywa yanakutana na maji ya kuchimbia: valvu ya kujazia kwenye matangi ya matope (tope la kuchimbia kisima), hozi ya kuoshea sitaha, maji ya kupozea breki za mashine ya kunyanyulia. Valvu moja iliyofungwa si kinga, inavuja. Panatakiwa pengo la hewa au kizuizi cha kurudi maji kinachoweza kupimwa. Hapo usikubali maelezo ya "huwa tunaifunga".

Membreni: badilisha. Kama hazikuwekwa kwenye sodiamu baisalfaiti, ama zimekauka ama zimeoza, na iliyokauka hairudi. Mpya zisiguse klorini hata kidogo, inazila. Maji ya saa ya kwanza yamwagwe. Na kwa sababu mko karibu na pwani, angalieni kama maji mnayoyavuta yana mafuta au tope la bandari. Ikiwa hivyo, leteni maji kwa boti, mpime klorini kwenye tangi la boti kabla ya kufungua valvu, kwa hozi ambayo haijawahi kubeba kitu kingine.

bomba_la_chini

Ile harufu, mkuu: mitego ya maji chini ya sinki na mifereji ya sakafu imekauka, na hewa ya tangi la majitaka inapanda moja kwa moja vyumbani. Leo hii, kabla ya kazi nyingine yoyote, zungukeni na ndoo, mimina lita mbili kila mfereji, na kikombe cha mafuta ya kula juu yake ili yasikauke tena haraka. Mpima gesi atangulie, kwa sababu huenda hiyo ni haidrojeni salfaidi. Harufu yake ikipotea ghafla usishangilie. Kwenye kiwango cha sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi.

Vakyumu: kabla ya kuwasha pampu, badilisha midomo ya mpira ya vyoo vyote na valvu za kuzuia kurudi. Mpira wa miaka minne ni mgumu kama mfupa. Kisha chukua ngazi moja baada ya nyingine, ukiwa umefunga nyingine. Mfumo ushikilie baa 0.35 hadi 0.5 chini ya hewa, na pampu ipumzike kati ya mizunguko. Pampu isiyopumzika inamaanisha kuna uvujaji, na uvujaji wenyewe unausikia usiku kama mluzi. Mabomba yenye magadi ya mkojo yaoshwe kwa asidi laini, na hapa nakumbusha onyo la maji_salama: asidi na klorini zisikutane, si kwenye ndoo wala bombani.

Sasa mpangilio, ambao wengi wanaukosea. Yale maji ya miligramu 50 ukiyamwaga kwenye sinki yanakwenda kwenye mtambo wa majitaka. Ukiwa umeshapanda bakteria wako, umewaua wote. Kwa hiyo klorini kwanza, mtambo ukiwa umetengwa, halafu ndipo unasafisha tangi, unabadilisha mawe ya hewa na daiafram za kompresa, unajaza maji safi na kupanda bakteria. Watachukua kati ya wiki moja na mbili kushika. Katika muda huo majitaka yahifadhiwe kwenye tangi na kupelekwa nchi kavu. Na mtambo wa watu 110 ukilishwa na watu 24 unashinda njaa. Tumia upande mmoja tu kama umegawanyika, na wahudumu wasioshe vyoo kwa dawa ya klorini.

Mabaki ya chakula: mashine ya kusaga itoe vipande vya chini ya milimita 25, na hata hivyo kumwaga kunaruhusiwa tu zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Nyinyi mko karibu na pwani, kwa hiyo ni mapipa yenye vifuniko.

hewa_na_baridi

Msiwashe feni kuu za hewa bado! Mkiziwasha sasa, kuvu la ngazi ya pili na ya tatu linagawiwa hadi ngazi ya nne ndani ya dakika kumi.

Funga mifereji yote ya hewa kwa plastiki, weka vikausha hewa vya kubebeka, shusha unyevu chini ya asilimia 50. Hiyo inasimamisha kuvu na kutu kwa pamoja na kumsaidia fundi_swichi na mega zake. Kinyesi cha ndege kilowanishwe kwanza, kisikwanguliwe kikavu, na mtu awe na barakoa ya FFP3 na suti. Magodoro, mapazia na mazulia tupa yote. Paneli za dari zilizooza tupa, lakini soma ujumbe wa asbesto ambao natumaini mtu ataandika. Ukuta wa chuma uliopakwa rangi unaoshwa. Sufi ya insulesheni iliyolowa haioshwi, inatolewa, hata ile iliyojificha nyuma ya paneli, kwa sababu kuvu linaloonekana darini mara nyingi limeanzia nyuma, kwenye bomba la maji baridi lililopoteza koti lake likawa linatoka jasho.

Baada ya hapo ndipo kisanduku cha feni: koili zioshwe, sinia la maji ya jasho lisuguliwe na mfereji wake uzibuliwe, vichujio vipya, mikanda mipya. Dampa za moto (vizuizi vya moto ndani ya mifereji ya hewa) zifungwe na kufunguliwa moja moja kwa mkono, halafu kwa kitufe cha mbali. Nyingi zitakuwa zimeganda.

Geji sifuri inamaanisha gesi imetoka na hewa yenye unyevu imeingia. Usijaze. Badilisha mafuta ya kompresa na kikausho, jaza naitrojeni kavu kwa presha iliyoandikwa kwenye bamba la mashine, iache saa 24, tafuta uvujaji kwa sabuni. Kwenye kompresa ya wazi anza na sili ya shafti, imekauka. Vuta vakyumu hadi maikroni 500, funga pampu, ngoja nusu saa. Ikipanda kidogo ikasimama, kuna unyevu. Ikiendelea kupanda bila kusimama, kuna tundu. Hita ya mafuta ya kompresa iwashwe saa 24 kabla ya kuwasha, la sivyo gesi iliyomo kwenye mafuta inachemka, povu linatoka na beringi zinakauka. Ikiwa ni mashine ya R-22, ongeeni mapema na ofisi kuhusu kuibadilisha yote, gesi hiyo imeshaondolewa sokoni sehemu nyingi.

Vyumba vya baridi: friza nyuzi 18 chini ya sifuri, chumba cha mboga na maziwa 0 hadi 4. Mpira wa milango, na muhimu kuliko yote, komeo la kufungulia ukiwa ndani pamoja na king'ora cha aliyefungiwa. Jikoni, mfereji wa moshi juu ya jiko ukwanguliwe mafuta mpaka chuma kionekane kabla elementi ya kwanza haijawashwa.

jicho_la_ukaguzi

Asbesto: kabla ya kubandua paneli hata moja, chukueni sampuli za dari, paneli za milango, gasketi na vifuniko vya mabomba ya ekzosi. Kanuni za SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini) zilikataza matumizi mapya mengi mwaka 2002 na kufunga milango iliyobaki 2011, kwa hiyo rigi ya zamani inaweza kuwa nayo kihalali, na hata mpya zimekutwa na gasketi zenye asbesto zilizoingia kama vipuri. Kazi ya kuvu isianze majibu hayajarudi.

Kuhusu wiki ya tatu, jibu langu ni hapana, na ningependa uipeleke ofisini kama ilivyo. Maji_salama ameshaonyesha kwamba maji peke yake yanakula siku 18 au 19. Lakini hata maji yangekuwa tayari, mtu aliyelala ni tofauti na fundi wa mchana. Fundi wa mchana yuko macho, anajua njia aliyoingilia. Aliyelala anategemea mfumo umwamshe na njia iwe na mwanga. Ukweli huo ndio unaoamua orodha ya kabla ya usiku wa kwanza:

Vitambuzi vya moshi na joto vya eneo la kulala vyote vimejaribiwa kwa moshi wa kopo, na vinaita chumba kinachokaliwa usiku na mchana. King'ora na spika vinasikika ndani ya kila chumba mlango ukiwa umefungwa na feni ikiwa inazunguka. Vitambuzi vya haidrojeni salfaidi vya miaka minne ni vya kutupa. Njia mbili za kutokea kutoka kila ukumbi, zenye taa za dharura ambazo betri zake zimejaribiwa kwa kuzima umeme kweli, nusu saa nzima, si kwa kubonyeza kitufe. Milango ya A-60 (inayozuia moto kwa dakika 60) inajifunga yenyewe na kushika komeo. Matundu ya kebo kwenye kuta za moto yamezibwa. Baada ya miaka ya kutoa na kuongeza kebo, hapo ndipo moshi unapopita. Mitungi ya CO2 ipimwe uzito, iliyopoteza zaidi ya asilimia 10 ijazwe.

Boti za kuokolea: msihesabu viti tu. Moto au gesi vinaweza kuufunga upande mmoja, kwa hiyo wote 24 wawe na viti pande mbili tofauti. Nyaya za kushushia zikifika miaka 5 zinabadilishwa, na zilizokaa miaka minne bila grisi huwa hazifiki huko. Fungua mahali zinapopinda kwenye puli, kutu huanzia ndani. Ndoano zikaguliwe na mtoa huduma aliyeidhinishwa. Vyelezo vyenye cheti kilichopita miezi 12 havihesabiki.

Tena, msiwatawanye watu ngazi nne. Chagueni ngazi moja iliyo karibu na boti, muifanye kamili, nyingine zifungwe. Kama ofisi haiwezi kungoja, kodini chombo chenye malazi kiegeshwe karibu, au makontena ya kulala yenye cheti, umeme na mfumo wake wa moto. Wiki ya tano ni lengo la kweli ikiwa rangi ya tangi ni nzima.

msimamizi_sitaha

Nashukuru sana wakuu. Nimepima upya kama fundi_swichi alivyosema: saketi 24 za ngazi ya pili, tatu tu ndizo mbovu, zote ni za taa za nje. Mifereji imejazwa maji na harufu imepungua mno. Wiki ya tano nimeipeleka.

Swali moja limebaki. Maji ya kuzimia moto kwenye mabomba ya zimamoto yanategemea pampu za kuzama zinazoning'inia majini chini ya bodi. Hazijaguswa. Naomba njia ya muda.

fundi_swichi

Pampu isiwashwe ikiwa pale chini. Ivute juu. Chujio litakuwa limejaa kome, na beringi zake zinalainishwa na maji, kwa hiyo mchanga uliotuama humo unazikwaruza kwa mzunguko wa kwanza. Safisha, geuza shafti kwa mkono, jaza maji ndani ya mota kama ni ya aina hiyo, pima mega ya mota na ya kiungo cha kebo kila kimoja peke yake. Kiungo ndicho huwa kimekufa. Hozi ya kupandishia ijaribiwe kwa presha ikiwa sitahani.

Ukiirudisha majini, angalia presha ya pampu valvu ya kutolea maji ikiwa imefungwa. Ikiwa nusu ya iliyoandikwa, inazunguka kinyume, badilisha fezi mbili.

jicho_la_ukaguzi

Kwa muda: safisheni tangi moja la maji ya kuchimbia, lijazeni kwa boti, pampu ya zimamoto ivute humo. Jaribio ni hidranti (midomo ya kuunganishia hozi za zimamoto) mbili kwa pamoja, nozeli za milimita 19, presha isishuke chini ya baa 3.5 kwenye hidranti, na moja iwe ile ya juu na ya mbali kabisa. Mtiririko huo ni kama mita za ujazo 50 kwa saa, kwa hiyo tangi la 100 linakupa saa mbili. Andikeni namba hiyo kwenye mpango wa dharura, na valvu ya tangi hilo ifungwe kufuli ikiwa wazi ili mtu wa matope asiifunge. Pia jazeni laini polepole hewa ikitoka juu. Bomba lenye kutu likipigwa na maji ghafla linapasukia kwenye kona, na kona nyingi ziko juu ya vyumba vya umeme.